Bampa ya Mbele, Nzima

Jumatano, 2 Aprili

Likizo ya Idd imekwisha. Nimerudi kazini kwenye yadi ya magari, Kilindini, na jioni nimenunua daftari hili. Ndani ya jalada nimeandika: Maisara Ubaid, karani wa mapokezi. Kisha nikaongeza: kwa majaribio, hadi 30 Juni.

Khala Tumu, mama mdogo aliyenilea, amelichungulia jalada akacheka. "Hata kwenye daftari waandika hofu zako, mwanangu?"

Miaka miwili baada ya diploma nilikaa nyumbani hapa Kibokoni, nikipika na kungoja simu ilie. Sitaki kurudi huko.

Ijumaa, 4 Aprili

Meli imeshusha magari. Kila gari lililotumika linaloingia yadi yetu kutoka bandarini hupokewa na watu wawili: Mzee Karisa, anayeliendesha hadi mahali pake, na mimi, ninayeliandika. Yeye huita viungo vya gari kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina darasani, nami hujibu baada ya kuangalia.

"Taa ya kulia!"

"Nzima."

"Kioo cha kulia!"

"Kina mkwaruzo."

"Bampa ya mbele!"

Hapo mimi hupiga goti, kwa sababu bampa za plastiki hupasuka kwa chini, mahali ambapo mtu aliyesimama hapaoni. Mzee Karisa ndiye aliyenifundisha. "Karani asiyepiga goti haandiki gari, huandika tetesi." Ana miaka thelathini ya kuendesha magari ya watu na hajawahi kugusa ukuta hata mara moja. Hilo hulisema mara moja kwa siku, si zaidi.

Jumanne, 8 Aprili

Jua. Magari manne. Meneja wetu, Madam Ketty, amemkaripia mtu kwenye simu mpaka chai yake ikapoa. Nilijibanza nyuma ya kabati la faili, ingawa kosa halikuwa langu.

Jumatatu, 14 Aprili

Masika yameingia. Mvua kubwa tangu saa tatu, na magari kumi na moja. Fomu zilikuwa zikilowana, basi nilizijazia kibandani. Mzee Karisa aliita kutoka mvuani nami nikajibu. Viatu vyangu vimepona.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Maji yamefika kwenye kizingiti cha nyumba yetu. Ami Jamaldin, fundi wa plastiki mwenye karakana chini yetu, amevipandisha vifaa vyake juu ya meza. Khala Tumu alimwambia kupitia dirishani kwamba leo angalau pua yake itapumzika na moshi wa plastiki. "Pua yako na ipumzike, Bi Tumu," akajibu, "lakini mdomo je?"

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne alikuja mwenye gari dogo la kijivu, mwalimu wa shule ya msingi, kulitazama gari lake wakati hati za ushuru bado zinashughulikiwa. Alikuwa amevaa shati la kwendea kanisani. Alilizunguka gari huku akitabasamu peke yake, kisha akachutama mbele yake ili apige picha. Akaishusha simu. Chini ya bampa ya mbele, upande wa kushoto, palikuwa na ufa wenye urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole.

Madam Ketty alikuja na faili. Akatoa fomu, akaisoma. "Tarehe kumi na nne. Bampa ya mbele: nzima." Akaigeuza ili sote tuione. Ulikuwa mwandiko wangu, safi, umenyooka. "Kwa hiyo gari limeingia zima. Limevunjikia kwetu."

Hakuna aliyeniangalia mimi. Wote walimwangalia Mzee Karisa, kwa kuwa ni yeye peke yake anayeendesha magari ndani ya yadi.

Mzee alikuwa ameshainama, akiupapasa ufa kwa kidole gumba.

"Karani ameandika nzima?" akauliza.

"Ameandika," akasema Madam Ketty.

"Basi ni mimi. Siku ile mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nililisogeza gari hadi karibu na ukuta. Nimegonga na sikusikia." Akasimama polepole. "Wala sikuona."

Nilifungua kinywa. Hili naliandika kwa kuwa ni kweli: nilikifungua. Kilichotoka ni kwamba najua fundi wa bei nafuu Mji wa Kale, anayeshona bampa. Madam Ketty alisema vizuri, kwa sababu bampa mpya itachukua miezi kufika na gari, kwa ajili ya ushuru, halitoki kabla ya wiki nne, hivyo fundi ana muda. Mzee Karisa alinigeukia, macho yake yamejaa shukrani.

"Mungu akubariki, mwanangu," akaniambia.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumeipeleka bampa kwa tuktuk, mimi na Mzee, tumeipakata magotini, ncha zake zimetokeza pande zote mbili. Kwenye vichochoro ilibidi tushuke tuibebe, yeye mbele, mimi nyuma. Wazee wa barazani hawakutuacha tupite hivi hivi.

"Maisara! Gari lenyewe laja kesho, au mwalinunua kipande kipande?"

"Yaangalieni mahari hayo, yaja kwa mafungu!"

Siku nyingine Mzee Karisa angewajibu, maana ana ulimi. Leo alitazama chini, akihesabu vizingiti kwa miguu.

Ami Jamaldin alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti, akaulizia hali ya nyumbani kwake na ya mvua kabla ya kuigusa bampa. Kisha akakata kijipande kidogo kwa ndani. Alikitia kwenye beseni la maji, kikaelea. Akakitoa, akakichoma kwa kiberiti, akaunusa moshi wake na kutuita tunuse nasi. Ulinuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi.

"Plastiki ina kabila zake," akasema. "Ukiiozesha na isiyo ya kabila lake, ndoa haimalizi wiki."

Alieleza kazi ilivyo. Gundi ya dukani na unga wa kuziba ni rahisi, lakini bampa hucheza gari linapokwenda, na shimo la kwanza barabarani huangusha unga wote. Yeye hutoboa kitundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, akaufungua kama mfereji, akazamisha waya kwa ndani kwa chuma cha moto kama kile cha mafundi wa redio. Waya wenyewe huukata kwenye vichujio vya chai vilivyotupwa. Mfereji huujaza kwa vipande vya bampa kuukuu za kabila lile lile, akiviyeyusha kimoja kimoja.

"Itaonekana?" Mzee akauliza.

"Haitaonekana, mzee wangu."

"Mimi naona vibaya siku hizi," akasema Mzee. "Nataka jibu la mwenye macho."

Jumanne, 29 Aprili

Nilipofika kutoka kazini, Ami Jamaldin aliniita karakanani, akaifunga nusu ya mlango.

Alikuwa ameiosha bampa kwa brashi na mafuta ya taa. Kwa ndani, nyuma ya ufa, uchafu ulipotoka, palitokea utepe wa kunata, umebandikwa kwa urefu wote wa ufa. Ulikuwa na maandishi madogo ya Kijapani.

"Mtu huko kwao aliubandika ili ufa usitanuke," akasema. "Na tazama kingo zake. Ufa wa wiki mbili una kingo nyeupe. Hizi ni nyeusi, zimekula tope la miaka. Ufa huu umesafiri na gari, Maisara. Yule mzee hakugonga kitu." Akanitazama. "Nani aliipokea gari hii?"

"Mimi, ami."

"Uliangalia huku tini?"

"Ilikuwa mvua."

Aliubandua utepe taratibu, akaukunja ndani ya kipande cha gazeti, akanitia mkononi.

"Mpelekee mkubwa wako kesho asubuhi, kabla ya chai. Neno la aina hii likingoja chai, halisemwi tena."

Nikamwambia ndiyo. Nilikusudia, wallahi.

Jumatano, 30 Aprili

Madam Ketty alikuwa na wageni.

Ijumaa, 2 Mei

Madam Ketty alikuwa na hasira.

Jumatatu, 5 Mei

Madam Ketty alikuwa na furaha. Sikutaka kumharibia.

Jumatano, 7 Mei

Mvua ilitulia kidogo saa sita. Mzee Karisa aliniita ukutani, akanionyesha makontena yaliyopangwa upande wa bandari, mbali sana.

"Mwanangu, lile la juu, la buluu, linaanza na herufi gani?"

"M, Mzee."

"Nami naona M." Akafikiri. "Lakini jana pia nilisoma M. Labda silioni, nalikumbuka tu. Nichagulie lingine."

Nikamchagulia lingine. Akalisoma sawasawa. Nikamchagulia la tatu, lililofichwa nusu na kreni, hata mimi lilinipa taabu. Akalisoma. Nikamwambia, "Mzee, macho yako ni mazuri kuliko yangu." Akanishika bega. "Wanihurumia. Mtoto mwenye adabu husema hivyo."

Mchana alilihamisha gari moja hatua kumi. Aliteremka mara tatu kutazama mbele yake.

Ijumaa, 9 Mei

Kazi ya kushona imekwisha. Nimekaa juu ya kopo la rangi nikimtazama Ami Jamaldin akipiga msasa, kwanza mkali, kisha laini, kisha laini na maji, hadi kidole hakikwami popote. Nilimwomba apulize rangi kesho.

"Hewa ina maji. Ngoja jua la siku mbili."

"Ami, tafadhali. Ikiisha hii, mambo yote yataisha."

"Umemwambia mkubwa wako?"

"Bado kidogo."

Alitikisa kichwa.

Jumapili, 11 Mei

Alipuliza jana, kwa sababu ya kusihi kwangu. Leo asubuhi rangi imepauka, ina ukungu mweupe kama kioo kilichopumuliwa. Ami Jamaldin alipitisha ukucha, na rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Hakunigombeza. Alichukua msasa, akaanza upya kuondoa kila alichokipaka.

"Nilijua, nikakufuata," akasema. "Hili ni kosa langu, nami nimelisema. Waona? Sikufa."

Jumanne, 13 Mei

Leo Madam Ketty alisema, akipita tu, kwamba mwezi ujao atakaa na kila mtu aliye kwenye majaribio, faili mbele yake. Nilikuwa na ule utepe mkobani. Nimeubeba kila siku tangu siku ile, nikijiambia kwamba kuubeba ni nusu ya kuutoa.

Kwenye kona ya mtaa wetu maji yalikuwa yakikimbia mtaroni kwa nguvu. Nikasimama. Nikaufungua mkoba. Maji yaliuchukua utepe pamoja na gazeti lake.

Sina la kuongeza.

Ijumaa, 16 Mei

Mzee Karisa amerudisha funguo.

Hakufukuzwa. Ningependa kuandika kwamba alifukuzwa, ili pawe na mtu mwingine wa kumchukia. Aliingia ofisini saa mbili asubuhi, shati limepigwa pasi, akalilaza shada zima la funguo juu ya meza ya Madam Ketty.

"Madam, leo nimegonga plastiki," akasema. Alisema leo, kana kwamba hata siku ilikuwa imesimama kwake. "Plastiki hushonwa. Kesho nitagonga mtoto wa mtu."

"Mzee, ni ufa tu. Gari linatengenezwa."

"Kama ningesikia, ningesema sawa. Kama ningeona, ningesema bahati mbaya. Sikusikia na sikuona. Dereva wa namna hiyo ni nini?"

Madam Ketty alinigeukia. Nilifikiri ameona kitu usoni mwangu. "Maisara, wewe una maelewano naye. Zungumza naye."

Mzee alingoja, kwa adabu, nizungumze.

Nikasema, "Pumzika kidogo, Mzee, kisha utarudi."

Hayo ndiyo niliyosema. Baada ya funguo zile kulazwa mezani, na watu wawili wakinisikiliza, na mlango umefungwa, na hakuna mvua hata tone, nikasema pumzika kidogo.

Jumatatu, 19 Mei

Madam Ketty aliniomba niandike barua ya kumuaga Mzee Karisa, kwa kuwa mimi ndiye mwenye Kiswahili kizuri ofisini. Nimeandika: kwa uaminifu na uangalifu wa miaka mingi. Ameisifu, ameweka sahihi.

Jumanne, 20 Mei

Mvua.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Dereva mpya, Bonface, ananiambia nisijisumbue kupiga goti, eti tutachelewa. Nimepiga goti kwa kila gari. Nguo imechafuka. Haijabadilisha kitu.

Jumamosi, 24 Mei

Siku mbili za jua. Ami Jamaldin alipaka kwanza dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, kisha akapuliza matabaka matatu membamba, akingoja kila moja likauke. Nimeitafuta sehemu ya ufa kwa macho, kisha kwa vidole. Haipo. Hata kwa ndani, alipopitisha waya, pamelala kama kovu la zamani kwenye ngozi ya mtu mnene.

Nilimshukuru. Hakuupokea mkono wangu.

"Sikuifanya kwa ajili yako," akasema. "Nimeifanya kwa ajili ya yule mzee, nikidhani umeshasema."

Nilimwuliza nani alimwambia kwamba sijasema.

"Hakuna aliyeniambia. Wapita mbele ya mlango wangu mbio, kama mwenye deni."

Jumatano, 28 Mei

Mwalimu amechukua gari lake. Alichutama pale pale, akatafuta, akainuka anacheka. "Kazi safi! Mpeni salamu yule mzee. Mwambieni sina kinyongo naye."

Ijumaa, 6 Juni

Idd ya kuchinja. Kila mwaka Ami Jamaldin hupanda kula kwetu. Mwaka huu alileta salamu mlangoni, akashuka. Khala Tumu aliweka sahani yake, akaifunika kwa kawa, akangoja mpaka pilau ikapoa.

"Mumegombana nini na Jamaldin?"

Nikamwambia. Nilidhani nitaeleza kwa ufupi, lakini ilinichukua mpaka adhana ya alasiri. Utepe ndio uliokuwa mgumu zaidi kuutamka. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ukali. Hakunikalia kikao. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake.

"Hivyo ulivyo mwoga," akasema mwishowe, "ni mimi nilokufanya? Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikupiga kwa kikombe kilichovunjika. Niambie. Ni mimi?"

Nikasema si yeye. Sijui kama ni kweli.

Jumatatu, 9 Juni

Nimesema.

Niliingia kabla ya chai. Madam Ketty alikuwa akifungua barua. Nilisema nimesimama, mikono nyuma, kama mtoto anayesoma shairi la kukariri: fomu ya tarehe kumi na nne niliijazia kibandani, sikuiangalia bampa, ufa ulikuja na gari, fundi aliuona utepe, utepe niliutupa mimi.

Kwa mwezi na nusu nilikuwa nimeishi na uso wa mwanamke huyu akinifukuza. Nilijua hata maneno yake. Leo uso huo haukuja. Alivua miwani, akajisugua macho, akaonekana mtu aliyechoka, mwenye umri wa Khala Tumu.

"Aprili ungeniambia, ningekufokea dakika tano," akasema. "Kisha tungekunywa chai. Unadhani wewe ni karani wa kwanza kuogopa mvua? Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza niliandika lori zima bila kushuka ngazi."

Nilitazama barua aliyoiacha nusu imefunguliwa.

"Ningefokea, Maisara. Basi. Na Mzee Karisa angekuwa pale nje sasa hivi anatusumbua na miaka yake thelathini." Akatazama dirishani, na nikaona kwamba naye analia, au anakaribia. "Sikufukuzi. Usinishukuru. Ningekufukuza ungepata nafuu."

Jumanne, 10 Juni

Madam Ketty amempigia simu Mzee Karisa, mbele yangu, akamwambia yote, akamwomba arudi. Nilisikia sauti ya Mzee kwa mbali, tulivu, yenye heshima. Alisema anashukuru kwa wema wao. Alisema anajua wanamtafutia njia ya kumrudisha bila aibu, na kwamba karani ni mtoto mzuri, asikubali kubeba kosa la mzee.

Madam Ketty aliiweka simu chini.

"Haamini," akasema. "Itabidi uende mwenyewe."

Jumamosi, 14 Juni

Sikwenda. Mvua, lakini si kwa sababu ya mvua.

Jumatatu, 16 Juni

Nilimwomba Ami Jamaldin twende pamoja awe shahidi wangu. Akasema akihitajika na Mzee atakwenda hata kwa magoti, lakini si kabla yangu na si mbele yangu. "Ukifika na shahidi, atadhani umeletwa."

Jumamosi, 21 Juni

Mvua imekatika tangu juzi. Nimekwenda Majengo peke yangu asubuhi, nikauliza nyumba kwa nyumba hadi nikaonyeshwa kwa bintiye, Kadzo.

Mzee Karisa alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, povu la sabuni kidevuni, na Kadzo amesimama mbele yake na wembe. Amekonda. Nilipomwamkia aliitambua sauti yangu akatabasamu kabla hajanigeukia, na hilo liliniuma, kwa sababu nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, kwenye jua.

"Karani wangu! Kadzo, mpe mgeni kiti."

"Ngoja nimalize shavu hili," akasema Kadzo. Kisha akaniambia mimi, kama watu wanavyosema habari za mgonjwa aliye hapo hapo: "Siku hizi hashiki wembe. Anasema atajikata. Barabara havuki bila kushikwa mkono. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, akasema macho mazima, atahitaji miwani ya kusomea tu. Hakusikia."

"Daktari alinitazama dakika tatu," Mzee akasema. "Ana watu mia nje ya mlango. Karani alilitazama gari zima, akaandika kwa utulivu. Nimwamini nani?"

Sikukaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa mpangilio ule ule niliomwambia Madam Ketty, lakini sauti haikukubali mpangilio. Nilipofika kwenye kibanda, wembe wa Kadzo ulisimama. Nilipofika kwenye utepe, akautupa ndani ya bakuli.

"Miezi miwili!" akasema. "Miezi miwili namkatia baba yangu nyama kwenye sahani kama mtoto! Na wewe unapanda tuktuk naye, unamwita Mzee, Mzee! Huna baba wewe?"

"Kadzo," Mzee akasema. "Mwache amalize."

"Nimemaliza," nikasema.

Povu lilikuwa likikauka kidevuni mwake. Jogoo wa jirani alipita kati yetu, akanywa kwenye maji ya sabuni, akayaacha.

"Huo utepe uko wapi?"

"Niliutupa, Mzee. Uliondoka na mvua."

"Na ufa?"

"Umeshonwa. Hauonekani tena."

"Kwa hiyo hakuna kitu cha kutazama." Hakusema kwa ukali. Alikuwa akitafuta mahali pa kushika, kama mtu aliye gizani, na kila alipopeleka mkono mimi nilikuwa nimeshapaondoa. Kisha akasema, "Niandikie."

Nilichana karatasi humu daftarini. Niliandika nikiwa nimeliegemeza pajani: kwamba mimi, Maisara Ubaid, tarehe 14 Aprili sikuiangalia bampa ya mbele ya gari lile, kwamba ufa ulikuwepo kabla halijaingia yadini, kwamba Karisa hakugonga kitu chochote siku hiyo wala siku nyingine. Nikatia jina na tarehe. Kadzo akaisoma kwa sauti, akikwama kwa hasira. Mzee akaomba isomwe tena. Kisha akaichukua mwenyewe, akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

"Mwandiko wako ni mzuri," akasema. "Siku zote nimeusifu."

"Ndiyo, Mzee."

"Hii umeiandika baada ya kuangalia?"

Nikasema ndiyo. Nikasema nimeangalia, Mzee, nakuapia, nimeangalia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ile ile aliyokuwa akingojea nayo majibu yangu yadini. Kisha akamrudishia Kadzo karatasi, akafumba macho, akainua kidevu ili aendelee kunyolewa.